Barua ya wazi kwa Kundi la Utafiti la 15 la ITU: Jicho likae kituoni

Kwa wajumbe wa Kundi la Utafiti la 15 la Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, Geneva. Na hasa ninyi wa Swali la 2, mnaoandika kanuni za faiba inayoingia majumbani.

Waheshimiwa,

Mimi ni fundi wa faiba jijini Dar es Salaam. Kazi yangu ni kupanda nguzo, kuunganisha nyuzi na kumfikishia mteja mwanga hadi ukutani kwake. Kanuni mnazoziandika huko huja kuishia mikononi mwangu, zikiwa ndani ya kiboksi cheupe chenye taa za kijani. Ninawaandikia kwa sababu ya ukuta mmoja ulioko Magomeni.

Ni ukuta wa nyuma wa nyumba ya mama mmoja mtu mzima, ambaye vijana wangu wote humwita Bi Mkubwa. Anaishi mbele, na vyumba vya uani amepangisha. Siku nilipokwenda kumfungia intaneti hakunipa hata nafasi ya kushusha ngazi. Alinizungusha hadi uani akaniuliza, "Haya mwanangu, na wewe unatoboa wapi?" Juu ya dirisha la jiko palikuwa na viraka vitatu vya saruji, hakuna kilicholingana na rangi ya ukuta. Tundu la kwanza lilitobolewa na kampuni iliyotangulia kuingia mtaani. La pili lilikuja mpangaji wake alipotaka kampuni nyingine iliyokuwa na bei nafuu. La tatu ni la kampuni iliyofuata, baada ya ile ya pili kukatika wiki mbili bila fundi kutokea. Waya zote tatu zilikuwa bado zinaning'inia kutoka nguzoni. Mbili zilishakufa, na kwenye moja Bi Mkubwa alikuwa ameanika kanga. Nikamwomba radhi, nikatoboa la nne.

Kilichoniuma ni kwamba kioo kilichomo ndani ya zile waya mbili hakina ubovu. Faiba haifi kwa kuwa mteja amehama kampuni. Uzi mmoja, mwembamba kama unywele, unaweza kubeba rangi nyingi za mwanga kwa wakati mmoja, kila rangi na mazungumzo yake, wala zisisikilizane. (Mwanga wenyewe hauonekani kwa macho, ila mafundi tumezoea kuuita rangi, na nitaendelea kuuita hivyo.) Mikonga ya baharini iliyotufikia Afrika Mashariki, SEACOM na TEAMS mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, inafanya kazi kwa utaratibu huohuo: rangi nyingi ndani ya uzi mmoja. Kampuni kubwa zinazosafirisha data kutoka mji hadi mji nazo hufanya hivyo, na leza zao nyingi siku hizi ni leza za kuhama rangi. Ukiwa na kadi moja ya leza ya akiba stoo, unaipangia rangi yoyote iliyoharibika, basi. Hulazimiki kuweka kadi tofauti kwa kila rangi.

Sasa fikirieni leza ya namna hiyo ingekuwa ndani ya kiboksi cha Bi Mkubwa. Kampuni ya kwanza ingetumia rangi yake, ya pili rangi yake, ya tatu vivyo hivyo, zote kwenye uzi mmoja na tundu moja. Akihama kampuni, kiboksi ndicho kingehama rangi, kama mtu anavyozungusha redio kutafuta stesheni nyingine. Asingehitaji ngazi, wala drili, wala mimi.

Hayo hamhitaji kuambiwa. Ninyi wenyewe mliyaandika.

Mwaka 2012 kundi la FSAN, lenye kampuni za simu na watengenezaji wa mitambo, lilichagua njia ya rangi nne kwenye uzi mmoja. Ninyi mkaipa mwili katika mfululizo wa kanuni za G.989, na sehemu inayohusu mwanga wenyewe ikapitishwa mwaka 2014. Rangi nne, gigabiti 10 kila moja, jumla 40. Kiboksi cha mteja kiwe na leza ya kuhama na kichujio cha kuhama, ili kiweze kwenda rangi yoyote kitakapoitwa. Mwaka 2015 Verizon wa Marekani waliijaribu kutoka kituo chao cha Framingham, jimbo la Massachusetts. Katika majaribio yale waliigiza hitilafu kwenye rangi moja, na kifaa cha mteja kikahamia nyingine chenyewe. Niliposoma habari ile nilidhani baada ya miaka michache na sisi tutakuwa nayo.

Haikuja. Mwaka 2016 mkapitisha XGS-PON, gigabiti 10 kwenda na kurudi, rangi moja tu isiyohama. Mwaka 2021 ikaja 50G, ya gigabiti 50, nayo ni ya rangi zilizofungwa. Soko likazifuata hizo, na G.989 ikabaki kwa wachache wenye fedha. Sababu inajulikana na kila aliyewahi kuomba bei: leza ya kuhama ndani ya kiboksi cha mteja ilikuwa ghali mno.

Kwa hiyo nimekuja na ombi moja, na sehemu kubwa ya barua hii ni maelezo yake. Mtakapoandika kanuni ya kizazi kijacho, usahihi mlioudai kwa leza ya nyumbani uhamishieni kituoni, yaani kwenye mtambo wa kampuni ambako uzi unaanzia. Leza ya nyumbani iruhusiwe kutojua iko rangi gani. Kituo ndicho kijue, na kituo ndicho kiielekeze.

Niruhusuni nieleze kwa namna fundi anavyoona.

Leza ya kiboksi cha GPON, faiba ya kawaida ya nyumbani ya kanuni ya mwaka 2003, ilipewa uwanja mpana sana. Mwanga wa kwenda kituoni uliruhusiwa kuwa popote kati ya nanomita 1260 na 1360. Huo ni uwanja wa nanomita 100. Leza inaweza kupata joto, ikapoa, ikazeeka, ikasogea huku na huku, wala haitoki uwanjani. Ndiyo maana inafungwa ndani ya kikopo kidogo cha duara, haina kipoza, haina kipimo, inatengenezwa kwa mamilioni, na bei yake imeshuka hadi mtu wa Mbagala hapa Dar au wa Kawangware kule Nairobi anaweza kufungiwa faiba bila kuuza kitu.

Kwenye mtandao wa rangi nne, kutoka rangi moja hadi jirani yake ni gigahezi 100, yaani nanomita 0.8 hivi. Tumetoka kwenye uwanja wa mpira tukaingia kwenye kitanda cha kamba. Na leza ina tabia moja ambayo hakuna kanuni inayoweza kuifuta: kila ikiongezeka joto kwa nyuzi 1, rangi yake husogea karibu nanomita 0.1. Pigeni hesabu. Nyuzi 8 tu zinatosha kuitoa leza kwenye njia yake na kuiingiza kwenye njia ya jirani.

Dar es Salaam, mwezi Februari, tofauti ya joto kati ya alfajiri na alasiri hufika karibu nyuzi 8. Hiyo ni kivulini. Kiboksi cha mpangaji mmoja wa Bi Mkubwa kimefungwa juu ya kabati, chini ya bati lisilo na dari. Nilikwenda kukiangalia saa tisa mchana kwa sababu alilalamika kwamba kinazima. Nilikishika ili nikigeuze nione namba yake mgongoni, nikakirudisha haraka kabla vidole havijaungua. Ndani ya plastiki ile, pembeni ya chipu zinazotoa joto lao wenyewe, ndimo mnamotaka leza ikae imetulia isisogee hata robo ya nanomita.

Watengenezaji walitimiza, na gharama ndipo ilipotokea. Kwanza, leza yenyewe. Ile inayohama haraka ina vipande kadhaa ndani ya chipu moja, kila kipande na mkondo wake wa umeme: kimoja cha kutoa mwanga, kingine cha kuchagua rangi, kingine cha kurekebisha. Hakuna chipu mbili zinazofanana. Kiwandani kila moja lazima iwekwe mezani, ipimwe rangi baada ya rangi, joto baada ya joto, na majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu yake. Muda wa meza ile ni pesa. Pili, kipoza cha umeme cha kuishikilia leza kwenye joto moja, ambacho kinakula umeme kuliko leza yenyewe. Tatu, kile kifaa kidogo cha kuhakiki rangi, chenye kipande cha kioo kilichosuguliwa kwa usahihi mkubwa na vipokea mwanga viwili vinavyolinganisha. Halafu vyote hivyo haviingii kwenye kikopo cha duara. Vinahitaji kisanduku cha chuma kilichozibwa hewa isipite, na lenzi iliyosogezwa kwa mikroni mpaka mwanga uingie kwenye faiba. Watu wanaofikiri chipu ndiyo ghali wanakosea. Sehemu kubwa ya gharama iko kwenye kufungasha na kupima.

Na vyote hivyo ni kwa ajili ya nyumba moja.

Hapo ndipo ninaposhindwa kuelewa uamuzi wetu sote. Kutoka kituoni uzi mmoja hugawanywa na splita kwenda nyumba 32, au 64, au hata zaidi. Kifaa cha kuhakiki rangi kikikaa kituoni, nyumba 64 zinachangia kukilipia. Kikikaa kwenye kiboksi, kila nyumba inalipia cha kwake peke yake. Mama lishe yeyote wa Kariakoo anajua sufuria kubwa moja jikoni ni nafuu kuliko kumgawia kila mteja jiko na mkaa wake. Sisi tumegawa majiko 64.

Mtasema kwamba mlifungua mlango huo. Ni kweli, nami nawapa haki yenu. Katika G.989 mliweka nafasi ya kiboksi ambacho leza yake haijapimwa sawasawa kiwandani, au haijapimwa kabisa, na mkaruhusu leza za kuhama polepole, hadi sekunde nzima, pamoja na zile za haraka za chini ya mikrosekunde 10. Lakini mlango uliofunguliwa kwa hiari watu huupita bila kuingia. Kila mtengenezaji wa mtambo wa kituoni aliendelea kutegemea kiboksi kilichopimwa, na kila mtengenezaji wa kiboksi akajua kwamba kisipopimwa hakitapokelewa na mtambo wa mwenzake. Mnunuzi akamngoja muuzaji ashushe bei, muuzaji akamngoja mnunuzi aongeze oda, na miaka ikapita.

Mwaka 2018 mliandika pia G.698.4, na ndani yake kuna lile ninaloliomba. Humo leza ya mwisho wa waya haina haja ya kujua rangi yake. Inaweka alama ndogo ya mtetemo juu ya mwanga wake, kituo kinaisoma, kisha kinairudishia ujumbe: sogea juu kidogo, simama hapo, umeanza kuteleza, rudi. Usahihi wote uko upande mmoja, na upande wa pili unatii. Ile ilikuwa kanuni ya waya za mtu na mtu, kama za minara ya simu, ambako kila leza ina njia yake na inawaka muda wote. Nataka akili ileile iingie kwenye waya unaogawanywa na splita hadi uani kwa watu.

Najua ugumu ulipo, na sitaki kuupita haraka. Kwenye mtandao wa splita viboksi vinapokezana kusema. Kiboksi cha Bi Mkubwa huwasha leza, kinasema chake kwa muda mfupi sana, kinazima, jirani anasema. Leza inapowashwa hupata joto lake yenyewe, na katika mikrosekunde zile za kwanza rangi huteleza. Mkiwa mnaiongoza kutoka kituoni kwa ujumbe unaochukua muda kufika, mtelezo ule utakuwa umeshapita kabla hamjasema neno. Huo kituo hakiwezi kuuponya, lazima uponywe palepale kwenye chipu. Na dawa yake haihitaji kipoza: ni utepe mwembamba wa kupasha joto pembeni ya leza. Leza ikizimwa utepe unawaka, leza ikiwashwa utepe unapungua, jumla ya joto inabaki ileile. Utepe wa namna hiyo hutandazwa juu ya chipu kiwandani pamoja na kila kitu kingine, kwa gharama ndogo.

Kwa hiyo kazi ina wagawanaji wawili: chipu ishughulikie mtelezo wa ghafla, kituo kishughulikie mtelezo wa polepole, ule wa jua kupanda na kushuka, bati kupata moto na leza kuzeeka. Jua la Dar haliendi kwa mikrosekunde. Kituo kina muda wa kutosha kulifuata.

Ugumu wa pili ni mgeni. Kiboksi kipya kisichojua rangi yake kikiwashwa, kinaweza kupayuka katikati ya mazungumzo ya jirani na kuwakata watu ambao hawana habari naye. Hofu hiyo ni ya haki, nimeshakutana na kiboksi kibovu kilichokuwa kinawasha leza bila kukoma na kuzima mtaa mzima, na kukitafuta nyumba kwa nyumba kulituchukua siku mbili. Lakini tangu GPON kituo kimekuwa na desturi ya kunyamazisha wote kwa muda mfupi ili wageni wabishe hodi. Mgeni anasema jina lake, kituo kinampima umbali, kinamkaribisha. Kilichobaki ni kumtaka mgeni huyu mpya abishe hodi kwa sauti ya chini, kwa mwanga hafifu sana wenye alama yake, na kituo kiwe na sikio kwenye kila rangi ili kijue amebisha mlango upi. Akiwa mlango usio wake, aambiwe asogee. Anakwenda hatua kwa hatua mpaka anafika kwake, ndipo anaruhusiwa kusema kwa sauti kamili. Itachukua sekunde kadhaa mara ya kwanza. Bi Mkubwa amengoja fundi wiki mbili, sekunde kadhaa hazitamsumbua.

Kuna wazo la tatu ambalo ningependa lipewe nafasi kubwa kuliko lilivyopewa. Kichujio cha kituoni kinaweza kutengenezwa ili milango yake ijirudie, kama siku za juma zinavyojirudia: rangi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, kisha ya kwanza tena juu zaidi, ya pili tena, na kuendelea. Kwa kichujio hicho leza iliyopata joto haina haja ya kupozwa irudi Jumatatu iliyopita. Inasogea mbele hadi Jumatatu ijayo, na mlango wa kituoni ni uleule. Uwanja mpana wa nanomita 1524 hadi 1544 mliuandika wenyewe. Nanomita 20 zile zinatosha kuchukua tofauti za leza kutoka kiwandani na joto la bati kwa pamoja. Kipoza kinaondoka, kinabaki kile kipasha kidogo, nacho hakihitaji kusukuma leza zaidi ya juma moja. Kupasha ni rahisi kuliko kupoza, yeyote mwenye jiko na friji anajua. Ni kweli kwamba leza inayokaa kwenye joto hutoa mwanga mdogo na huchoka mapema, na hapo ndipo ningetaka vipimo vyenu viwe vikali kweli: siyo nanomita ngapi za rangi, bali miaka mingapi kwenye joto la bati.

Leza zenyewe za polepole zipo. Watafiti wa Korea ya Kusini na Ujerumani wameonyesha leza ambayo rangi yake inachaguliwa na kipande cha plastiki maalumu kilichounganishwa mbele ya chipu rahisi. Plastiki ile hubadilika sana kwa joto dogo, hivyo kipasha kidogo tu kinaihamisha rangi kadhaa. Leza ya kawaida ya rangi moja nayo inaweza kuhama rangi nne kwa joto peke yake, kwa sababu kutoka ya kwanza hadi ya nne ni nanomita 2.4 hivi, yaani nyuzi 24. Hizi haziwezi kuruka ndani ya mikrosekunde, na wala hakuna mteja wa nyumbani anayehitaji leza iruke ndani ya mikrosekunde. Anayehama kampuni anahama kwa mwezi. Kadi ya kituoni ikifa, sekunde moja ya ukimya kabla ya kuhamia kadi nyingine ni nafuu kubwa, maana leo ni saa nzima, na mara nyingine ni mpaka kesho. Andikeni leza ya polepole kuwa ndiyo kawaida, na ya haraka iwe ya anayeitaka na kuilipia.

Wapo watakaowaambia kwamba haya yamepitwa na wakati, kwamba rangi moja ya gigabiti 50 inatosha na wala hatuhitaji nyingi. Mimi natazama mambo mawili. La kwanza ni la kwenu: kila mnapoongeza kasi kwenye rangi moja, mwanga unakuwa mgumu kupokelewa baada ya splita na kilomita 20 za waya, na chipu ya kuurekebisha inazidi kula umeme. Mazungumzo ya kizazi cha baada ya 50G yameanza, na siku mkitaka kwenda mara nne zaidi, njia iliyo karibu zaidi ni kurudi kwenye rangi nne. Mtakutana na leza ileile, na bei ileile, kama hamkuishughulikia leo.

La pili ni la kwetu. Anayetaka kasi peke yake ataipata kwenye rangi moja. Anayetaka kampuni nyingi zishindane kwenye waya mmoja anahitaji rangi nyingi. Ni kweli siku hizi kampuni moja inaweza kumpangishia mwenzake nafasi ndani ya mtambo wake, na data za wote zikapita kwenye rangi moja. Lakini yule ni mpangaji wa chumba ndani ya nyumba ya mshindani wake: akizimiwa taa analala gizani, na kodi ikipanda analipa. Rangi ni mlango wake mwenyewe. Mtambo wake, kasi yake, fundi wake. Nimezunguka Kinondoni, Temeke na Ilala, nimekwenda kusaidia kazi Nairobi, na kote nimeona nguzo zilizobeba mizigo ya waya mpaka zinainama, za kampuni ambazo hazina sababu nyingine ya kila moja kuvuta wake isipokuwa kwamba hakuna anayetaka kuwa mpangaji wa mwenzake. Ofisi za manispaa zinaagiza waya zikatwe, mafundi tunarudi kuzivuta upya. Gharama hiyo haimo kwenye karatasi mnapolinganisha bei ya kiboksi na kiboksi. Kiboksi cha rangi moja ni nafuu mkihesabu kiboksi. Mkihesabu nguzo, waya, ngazi na tundu la nne, hesabu inabadilika, nami ningependa kuona hesabu hiyo ikifanywa na watu wenye uwezo wa kuifanya vizuri kuliko mimi.

Kwa sababu hiyo nakala ya barua hii nimeielekeza pia kwa wadhibiti wetu: TCRA hapa Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, UCC Uganda na RURA Rwanda. Nchi zetu ni wanachama wa ITU na zina haki ya kukaa kwenye vikao vyenu na kupeleka michango ya kitaalamu. Wazee wetu mliomo kwenye ofisi hizo, joto la bati halitaingia kwenye kanuni kama hakuna anayetoka kwenye nyumba ya bati kulitaja. Pelekeni vipimo. Vijana wa vyuo vyetu vya uhandisi wana uwezo wa kupima joto la viboksi mwaka mzima, kutoka Tanga hadi Kisangani, na matokeo yakawekwa mezani Geneva kabla kanuni haijafungwa.

Na kwenu wa Swali la 2, jambo la mwisho ni la wingi. GPON ilishuka bei kwa kuwa sehemu kubwa ya dunia ilinunua kitu kimoja. Msiandike matoleo sita ya leza ya kuhama kwa ajili ya masoko sita. Rangi ziwe zilezile kwa nyumba, kwa ofisi na kwa mnara wa simu, ili kiwanda kitengeneze kikopo kimoja. Na kiboksi kisichopimwa kiwandani kiwe ndicho ambacho kila mtambo wa kituoni unalazimika kukipokea, kwa neno la lazima, pasiwe na "ikipendeza". Mtengenezaji akijua kwamba kiboksi chake rahisi hakitakataliwa popote, ataanza kukitengeneza.

Mkifika hatua ya kuwa na kiboksi cha majaribio, nawaomba mnitumie kimoja. Nitakifunga chini ya bati la Magomeni, mwezi Februari, na nitawapimia asubuhi, saa tisa mchana na usiku wa manane kwa miezi mtakayotaka. Bi Mkubwa ameshakubali. Sharti lake ni moja, kwamba waya upite kwenye tundu lililopo.

Wenu katika kazi,

Fundi wa faiba, Dar es Salaam